Darubini inayostahimili chumvi ya Malindi

Ukiingia mtandaoni kutafuta darubini ngumu ya kuonea mbali, kwanza utaletewa zile za kufungwa juu ya bunduki, za wawindaji wa Marekani na Ulaya. Zipite. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na hata ukisema unaitaka ya kutazamia tu, darubini ya bunduki ni ya jicho moja, uwanja wake wa kuona ni mwembamba, na jicho hulazimika kukaa kama sentimita 9 nyuma ya kioo kwa sababu imetengenezwa kumkinga mpigaji na teke la bunduki. Mashuani utaona anga, maji, anga, maji. Na askari wa doria akikukuta nayo ufuoni, jiandae kwa maelezo marefu.

Swali la wawindaji hao, hata hivyo, ni letu vilevile: kifaa gani kitakuwa bado kinaona vizuri baada ya miaka kumi ya kuteswa? Mateso yao ni baridi na teke la bunduki. Yetu ni chumvi na unyevu. Kwa hiyo hapa nazungumzia darubini ya macho mawili, ile ya kuvaa shingoni: ya nahodha, ya mwongoza wageni anayeonyesha ndege pale mto Sabaki unapoingia baharini au kule hori ya Mida, na ya mtu wa Lamu anayekaa darini jioni akitazama mashua zikirudi.

Chumvi inaingilia wapi

Darubini ina mianya mingi kuliko inavyoonekana. Lenzi mbili za mbele, mbili za nyuma, gurudumu la kurekebishia katikati, bawaba, na pete ndogo ya dayopta, ile ya kusawazisha tofauti ya macho yako mawili, mara nyingi kwenye jicho la kulia. Kila penye kitu kinachozunguka au kuteleza, hewa ina njia. Darubini ikiachwa juani juu ya ubao wa mashua, hewa ya ndani hupata moto, hupanuka na kutoka. Jioni ikipoa inavuta hewa nyingine kutoka nje, na hewa ya jioni ya Malindi imejaa maji na chumvi. Basi kila siku inapumua hivyo, mara moja ndani, mara moja nje. Miezi michache baadaye unaona ukungu ndani ya kioo asubuhi. Ukungu huo ukizoea, kuvu inafuata.

Iliyozibwa sawasawa ina oringi, yaani pete za mpira za kuzibia, kwenye kila kiungo, na hewa ya ndani imetolewa ikajazwa nitrojeni, nyingine agoni. Usibabaishwe na ubishi wa nitrojeni na agoni. Faida kubwa ya gesi zote mbili ni kwamba ni kavu. Kinachokulinda ni oringi. Oringi ikikauka na kupasuka, gesi hutoka, na ulicholipia kimeondoka nayo.

Kwenye boksi tafuta IPX7. Maana yake kifaa kimejaribiwa kukaa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. IPX4 ni ya kurushiwa matone tu, yaani itavumilia manyunyu ya vuli lakini haitavumilia wimbi la kusi linalopanda ubavuni mwa boti. Boksi likisema tu kwamba darubini "haipitishi maji" bila namba yoyote, lichukulie kama pambo la boksi.

Darubini nyingi za baharini za 7x50 (namba hizo nitazieleza hapa chini) hazina gurudumu la katikati. Kila jicho lina pete yake: unarekebisha la kushoto, unarekebisha la kulia, unaacha hapohapo, na kuanzia mita 20 hivi mbele yako hadi upeo wa macho kila kitu ni safi bila kugusa tena. Visehemu vinavyosogea vikiwa vichache, na njia za maji huwa chache. Ndiyo maana zinadumu. Kwa nahodha sioni sababu ya kununua aina nyingine. Kwa mtu wa ndege hazifai kabisa. Ndege aliye mita 200 akiruka kuja kutua mita 10 mbele yako, kabla hujamaliza pete ya pili ameshaondoka.

Halafu mwili wenyewe. Wauzaji hupenda kusifu metali ya magnesi kwa wepesi wake. Ni nyepesi kweli, na milimani ni nzuri. Huku pwani, raba ya juu ikichanika na rangi ikachubuka, magnesi huliwa na chumvi upesi kuliko aluminiamu. Dalili yake ni unga mweupe unaojitokeza kwenye ukingo wa raba, karibu na bawaba au pale panapofungwa skrubu ya stendi. Ukiufuta unarudi baada ya wiki. Plastiki nzito, ile ya polikaboneti, haina kutu wala unga huo, na kwa darubini ya bei ya kati mimi naipendelea, hata kama mkononi haileti fahari. Ukikuta mwili wa plastiki una skrubu za chuma cha kawaida zilizoanza kuwa na wekundu dukani kabla hata haijauzwa, irudishe kwenye rafu.

Namba mbili, na jua la saa sita linalodanganya

8x42 ina maana inakuza mara 8, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Gawanya ya pili kwa ya kwanza utapata upana wa duara la mwanga linalotoka nyuma kuingia jichoni. 42 kwa 8 ni milimita 5.25. 50 kwa 7 ni 7.1. Zile ndogo za mfukoni, 8x25, ni 3.1.

Mchana wa jua kali mboni ya jicho hujifunga hadi milimita 2 au 3. Kwa hiyo ukizijaribu zote tatu mlangoni pa duka saa sita mchana, zinang'aa sawa, na ile ndogo ni nusu ya bei. Alfajiri ni habari nyingine. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7, ya mtu mzima wa makamo mara nyingi haizidi 5. Hapo ile 8x25 inakupa kitundu cha mwanga cha milimita 3 na kila kitu kinakuwa kijivu. Ndivyo ilivyo pia ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke: yule bundi mdogo wa Sokoke hulala mchana ndani ya vichaka vizito, rangi yake ni ya gome na majani makavu, na mwongozaji mwenye darubini ya mfukoni huishia kuwaonyesha wageni tawi.

Kwa mzee, zile milimita 7 hazimpi mwanga zaidi kwa sababu mboni yake haifunguki kiasi hicho. Bado zinamfaa baharini kwa jambo jingine: chombo kikiyumba, jicho huhama kidogo kutoka katikati, na duara pana linasamehe. Duara jembamba likihama milimita mbili picha inakuwa nyeusi.

Kuhusu kukuza, watu huamini 10 ni bora kuliko 8, na 12 ni bora kuliko 10. Mkono haukubali. Mtetemo wa mkono nao unakuzwa: mara 8 karibu kila mtu anaweza kuituliza, mara 10 yataka mtu aliyezoea au penye kuegemea, mara 12 na kuendelea yataka stendi ya miguu mitatu. Kwenye boti, mara 7 ndiyo mwisho wa raha, na ndiyo sababu darubini za mabaharia zimebaki kuwa 7x50 miaka nenda miaka rudi. Zaidi ya hayo, kadiri unavyokuza ndivyo uwanja unavyokuwa mwembamba. 8x42 ya kawaida huonyesha upana wa mita 130 hivi kwa umbali wa mita 1,000. 10x42 ni kama 110. Nyangumi wanaopita mbele ya Watamu kati ya Julai na Septemba hutoa mgongo kwa sekunde chache tu kisha wanazama. Mwenye uwanja mpana ndiye anayewaona. Mwingine anasikia wenzake wakishangilia.

Kuna darubini zenye mashine ya kutuliza picha, unabonyeza kitufe na mtetemo unapotea. Zinafanya kazi vizuri ajabu. Lakini zinakula betri, zina vifaa vya umeme ndani, na vikiharibika hakuna fundi wa karibu wa kuvitengeneza. Mwenye pesa za kununua mbili anunue.

Jambo moja wanunuzi wengi hawaelezwi: baharini kinachokuzuia kuona mbali mara nyingi ni mkunjo wa dunia, na hakuna kioo kinachoupinda. Chukua urefu wa jicho lako juu ya maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 3.57, jibu ni kilomita hadi upeo wa macho. Umesimama mashuani, jicho mita 2 juu ya maji: kilomita 5. Uko darini Lamu, jicho mita 12: zaidi kidogo ya 12. Chombo kingine chenye mlingoti wa mita 9 kina upeo wake wa karibu kilomita 11, unajumlisha na wako, kwa hiyo kutoka mashuani ncha ya mlingoti huanza kuonekana kwenye kilomita 16 hivi. Zaidi ya hapo, mara 7 na mara 20 ni sawasawa. Ukitaka kuona mbali zaidi, panda juu.

Mchana wa Kaskazi kwenye mchanga wa mdomo wa Sabaki kuna kikwazo kingine, yale mazigazi ya joto yanayochezacheza juu ya mchanga. Kuanzia saa nne asubuhi heroe walio mita 500 huwa kama wamechorwa kwa maji. Usiilaumu darubini wala usiuze kununua kubwa zaidi. Ile kubwa inakuza na mazigazi. Fika saa kumi na mbili na nusu.

Kioo

Ndani kuna prizimu, vipande vya kioo vinavyogeuza picha iwe wima. Ziko namna mbili. Ya Porro, kwa jina la Mtaliano Ignazio Porro aliyeipatia hataza mwaka 1854, ndiyo ile yenye mabega, lenzi za mbele zimeachana kuliko za jicho. Namna ya pili ni prizimu za paa, darubini yenye mabomba mawili yaliyonyooka. Kwa pesa ileile kidogo, Porro hutoa picha bora, kwa sababu ni rahisi kuitengeneza vizuri. Prizimu za paa zataka tando maalum, tabaka nyembamba mno zinazopakwa kwenye kioo, za kurekebisha mawimbi ya mwanga, ambazo Zeiss walianza kuziweka mwaka 1988. Bila tando hizo picha hupoteza makali. Siku hizi hata za bei ya kati huwa nazo, lakini soma karatasi ya maelezo uhakikishe. Darubini za prizimu za paa ni nyembamba na huzibwa kwa urahisi, kwa hiyo kwa mtu wa ndege hapa pwani nasema 8x42 ya prizimu za paa, na kwa mtu wa chombo 7x50 ya Porro. Ile ya kwanza ina uzito wa gramu 600 hadi 800, ya pili kilo moja na zaidi. Shingo itakwambia tofauti.

Kila uso wa kioo usio na utando wa kuzuia mwanga usirudi hurudisha nyuma karibu asilimia 4 ya mwanga. Kama kila bomba lina nyuso kumi, theluthi nzima ya mwanga imepotea kabla haijafika jichoni. Kuangalia utando ni rahisi: simama chini ya taa, inamisha darubini, tazama picha ndogo za taa zinazorudi kutoka ndani ya lenzi ya mbele. Zote ziwe za kijani kilichokolea au zambarau. Ikitokea nyeupe inayong'aa, kuna uso ulioachwa uchi. Na zile lenzi nyekundu kama rubi zinazovutia macho kwenye meza za barabarani ziache hapohapo. Wekundu ule ni mwanga uliokataliwa kuingia. Picha ya ndani inakuwa na ukijani wa kuchosha.

Kupima dukani, hasa ya mkono wa pili

Mitumba ya darubini huja mizuri sana, na mibovu iliyopigwa rangi pia huja. Ukiwa na tochi ya simu na rula umejitosheleza.

Anza na rula kwa sababu ya uongo wa namba. Utakuta kidarubini cha kukunja kimeandikwa 30x60. Pima lenzi ya mbele: milimita 22. Kisha ishike mbali na uso, urefu wa mkono, uielekeze kwenye ukuta mweupe wenye mwanga. Kwenye lenzi ya jicho utaona duara dogo jeupe. Lipime. Likiwa milimita 3, basi 22 kwa 3 ni mara 7 na ushei. Hiyo ndiyo darubini uliyoshika, haidhuru boksi limeandika nini. Papo hapo tazama umbo la duara. Liwe duara kamili. Kwenye zile za Porro, likiwa na pembe za kijivu kama mraba uliokatwa ncha, prizimu ni za kioo cha bei ya chini, BK7 badala ya BaK-4, na mwanga wa pembeni unapotea.

Sasa tochi. Iwashe upande wa lenzi za mbele, wewe chungulia kwa mbele vilevile lakini kwa upande kidogo, si kwenye mwali. Vumbi kidogo ndani si kitu, kila darubini inalo. Unachotafuta ni nyuzi. Kuvu ya lenzi huanza kama unywele mmoja mwembamba kwenye ukingo wa kioo, pale mpira unapokutana nacho, kisha unagawanyika kama mizizi au kama mishipa ya jani, rangi ya kijivu cheupe. Geuza tochi kidogo, nyuzi hupotea. Geuza tena, zinarudi. Hiyo usinunue kwa bei yoyote. Kuvu hutoa tindikali inayokula utando na kioo chenyewe, na hata ikisafishwa alama hubaki. Ukiona weupe uliosambaa kama pumzi juu ya kioo bila nyuzi, huenda ni mafuta ya gurudumu yaliyoyeyuka kwa joto yakapanda kwenye prizimu. Hayo husafishika, lakini gharama ya fundi huzidi bei ya mitumba.

Kisha ulinganifu, na hapa ndipo wengi hupigwa. Darubini iliyoanguka hupindisha prizimu moja kwa kiasi kidogo mno, na mabomba mawili huanza kutazama pande mbili. Ubongo hujitahidi kuziunganisha picha, kwa hiyo dukani utasema ni nzuri, halafu baada ya dakika kumi kichwa kinauma nyuma ya macho. Tafuta mstari mlalo wa mbali: upeo wa bahari, ukingo wa paa, waya wa umeme. Tazama kama kawaida, halafu polepole isogeze darubini mbali na uso kama sentimita 10 huku ukiendelea kutazama mstari ule. Utaona maduara mawili yakiachana. Mstari upite kwenye yote mawili kwa kimo kimoja. Ukiwa juu kwenye moja na chini kwenye jingine, irudishe. Macho huvumilia kosa la ubavuni kidogo. Kosa la juu na chini hayalivumilii.

Bawaba: shika bomba moja likiwa limelala, bomba la pili lisidondoke kwa uzito wake. Gurudumu: lizungushe mwanzo hadi mwisho, lisikwame wala lisiwe na mchezo. Bonyeza lenzi ya jicho moja kwa kidole huku ukitazama. Picha ikipoteza ukali, daraja la lenzi limelegea.

Na kama muuzaji anadai imezibwa, muombe friji ya soda. Iweke ndani nusu saa au zaidi, hakikisha haigusi barafu, itoe nje. Nje itajaa jasho mara moja, ndivyo inavyotakiwa. Futa kioo kwa kitambaa laini. Ukungu usioguswa na kitambaa uko ndani, na oringi zimekwisha. Muuzaji atakayekataa kipimo cha friji amekujibu tayari.

Anayevaa miwani aangalie pia umbali wa jicho kutoka kwenye lenzi, ambao huandikwa kwa milimita kwenye maelezo. Chini ya 15 ataona duara dogo katikati tu. 16 hadi 18 ni salama.

Kuisafisha baada ya bahari

Kosa linaloharibu darubini nyingi huku hufanyika kwa nia njema. Mtu ametoka baharini, kioo kina madoa meupe, anachukua leso au pindo la kikoi na kufuta. Madoa yale ni fuwele za chumvi, na kwenye pamba kuna mchanga. Kila ukizungusha unachora. Tazama utando wa darubini ya namna hiyo chini ya taa utaona mikwaruzo ya duara, mamia, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

Chumvi huyeyushwa kwa maji. Kama darubini imezibwa kweli, vuta vikombe vya macho juu, ondoa vifuniko vya mbele, imwagie maji baridi taratibu kwa kikombe, nje yote, bawaba, gurudumu na penye mkanda. Usitumie mpira wa bomba wenye nguvu, na usizungushe gurudumu wakati lina maji, maana kuzungusha kunavuta maji ndani. Maji yawe matamu: ya kunywa, ya bomba, au ya mvua kutoka jabia. Maji ya kisima yenye chumvichumvi yanarudisha ulichokuja kuondoa. Ikung'ute, iache kivulini penye upepo. Juani hapana, na lenzi zisielekee jua hata kidogo. Lenzi ni kioo cha kuwashia moto, na jua likipita ndani linaweza kuunguza visehemu. Ya kutazama jua kwa darubini nadhani hayahitaji kusemwa: jicho haliponi.

Ikikauka, puliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo maana mate nayo ni uchafu. Piga brashi laini. Mwisho kitambaa cha maikrofaiba chenye tone la maji ya lenzi, kuanzia katikati kwenda nje, bila kukandamiza. Kama darubini haijazibwa, usimwagie maji. Tumia kitambaa kilicholowa maji matamu ukigusagusa bila kusugua, ubadilishe upande wa kitambaa kila mara.

Waongoza wageni wa Mida na msituni wana adui wa ziada: dawa ya mbu yenye DEET. Inalainisha plastiki na raba. Vile vikombe vya macho vinavyonata na raba inayotoa weusi mkononi mara nyingi chanzo chake ni hiyo, pamoja na mafuta ya jua ya wageni wanaoazimwa. Paka dawa, nawa viganja, ndipo ushike darubini.

Mahali pa kuiweka

Usiiweke kwenye mkoba wa ngozi uliokuja nayo. Ngozi hunywa unyevu na kuutunza, na ndiyo chakula cha kuvu. Wala usiiweke kwenye kidaka cha nyumba ya mawe, hata kama inapendeza pale kati ya sahani za zamani. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hutoa jasho msimu wa mvua. Kuvu hustawi unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi kwa muda mrefu, na pwani hiyo ni hali ya kawaida ya karibu mwaka mzima.

Nunua kopo la plastiki la jikoni lenye mfuniko wa mpira unaobana, lile la kuwekea unga. Weka ndani gramu 100 za silika jeli ya punje zinazobadilika rangi, na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Zile pakiti za kwenye maboksi ya viatu ni gramu moja au mbili, na mara nyingi zimeshakunywa maji yake kabla hazijakufikia. Punje za chungwa zikigeuka kijani, au za buluu zikigeuka waridi, zitandaze kwenye trei na uzioke kwa joto la nyuzi 120 za Selsiasi kwa saa mbili. Zikirudi rangi yake zirudishe. Za buluu zina kemikali ya kobalti, zioke dirisha likiwa wazi na usitumie trei ya mkate. Mchele hausaidii sana, na vumbi lake la wanga likiingia kwenye bawaba ni karamu ya kuvu.

Kila Jumamosi itoe, itumie, izungushe gurudumu. Darubini inayokaa gizani miezi sita huharibika kuliko inayobebwa kila siku.

Uchukuzi wenyewe: mkanda uliokuja na darubini mara nyingi ni mwembamba na una vibano vya chuma vitakavyoshika kutu. Weka mpana, wa vibano vya plastiki. Kwa chombo, nunua ule mnene wa povu unaoelea, wa rangi ya chungwa au manjano. Huandikwa unabeba uzito gani. Wa 8x42 hautainua 7x50 ya zaidi ya kilo. Kabla hujauamini juu ya mkondo uitwao Mkanda, ule wa kati ya Manda na bara kule Lamu, jaza ndoo maji, funga kwenye mkanda mawe yaliyopimwa mpaka uzito ulingane na wa darubini, uitumbukize. Maji ya ndoo ni matamu na ya bahari yanabeba zaidi kidogo, kwa hiyo kinachoelea ndooni kitaelea Mkanda. Kikizama, tafuta mkanda mwingine.